Njumu za Pembe: Samani na Mapambo ya Kale ya Pembe za Ndovu

Pembe ya ndovu ni jino la mbele la taya la juu, na haliachi kukua maadamu mnyama yu hai. Halina nyuzi za mti wala vitundu vya mfupa. Ni gimba moja zito linalokubali msumeno, tupa na patasi bila kupasuka ovyo, na likisuguliwa hung'aa. Upande uliozama ndani ya fuvu una uwazi unaofika karibu theluthi ya urefu wake, na mafundi wa kale waliupangia kazi. Sehemu yenye uwazi ilitoa bangili na vikebe vya mviringo. Iliyojaa ikawa sanamu, kete za sataranji na mipira ya biliadi, na masalio yakapasuliwa vibao vyembamba vya kutia njumu kwenye mbao. Ndiyo maana samani iliyotengenezwa kwa pembe tupu ni adimu. Kwa kawaida mti hubeba uzito, pembe hubeba uzuri.

Pwani ya Afrika Mashariki imeuza pembe kwa karne nyingi. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani ya Zanji mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba pembe za huku zilipelekwa Oman, kisha India na China. Kwa maelezo yake, wakubwa wa China walibebwa kwenye machela za pembe, na Wahindi walizitumia kwa mipini ya silaha na kete za sataranji. Pembe nyingi za pwani, basi, zilichongwa mbali na hapa. Zilizobaki zilikuwa chache, lakini kutokana na hizo chache mafundi wa Waswahili walitengeneza vitu ambavyo haviwezi kudhaniwa kuwa vya watu wengine.

Kikuu kati ya hivyo ni kiti cha enzi. Kilitengenezwa katika miji ya visiwa vya Lamu, Siyu ikiwa na sifa ya pekee kwa ufundi wake, na vingi vilivyosalia ni vya karne ya 18 na 19. Kina mgongo mrefu na mpana, mikono iliyonyooka, na mbele kibao cha kuwekea miguu. Fremu ni ya mbao nyeusi, aghalabu mpingo. Nafasi za mgongo na kikalio hazikuzibwa kwa mbao bali zimesukwa kwa kamba nyembamba iliyokazwa, hivyo upepo hupita na kiti hakimchoshi mtu kwa joto. Juu ya weusi wa mbao fundi alichimba mifereji midogo kwa patasi, akakata vipande vya pembe au mfupa vilivyoingia barabara, akavibandika, kisha akavisugua mpaka kidole kikipita kisihisi mti unakoishia na pembe inakoanzia. Kiti huweza kufunguliwa vipande vipande na kuunganishwa tena, jambo la maana kwa watu wa jahazi.

Wataalamu wameona ndani yake athari za viti vya Misri ya Wamamluki, vya Wareno na vya India. Athari hizo zipo, na hazishangazi katika miji iliyoishi kwa biashara ya bahari. Lakini hakuna mahali pengine vitu hivyo vilipokutanishwa namna hii, na kukiita kiti cha kuiga ni kuwadhulumu mafundi wake. Katika nyumba za mawe za waungwana kiliwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima au mkubwa wa mji, na waliobaki waliketi chini mkekani. Aliyekikalia alionekana kuwa mtu wa daraja hata kabla hajafungua kinywa.

Heshima kama hiyo ilikuwa na sauti yake pia, nayo ni siwa. Siwa ya Pate, ya karne ya 17, ni baragumu la pembe lenye urefu unaozidi mita mbili, lililotiwa nakshi na kupulizwa ubavuni. Pamoja na siwa ya shaba ya Lamu, imo katika hifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ilipulizwa katika arusi, tohara na sherehe nyingine za koo zilizotawala, na asiyeruhusiwa kuitumia alijua kwamba mji umemtenga. Masimulizi ya Pate yanamtaja Mwana Darini, ambaye mumewe aliuawa kwa amri ya mfalme. Alipotaka kumtahiri mwanawe na kunyimwa siwa ya mji, alimwita fundi amchongee ya kwake. Yawe yametokea hivyo au yamepambwa na wasimulizi, yanaeleza vizuri kuliko maandishi mengi ya makumbusho kwa nini watu walijali pembe iliyochongwa.

Ng'ambo ya bahari, pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa India kwa weupe na ulaini wake, hasa kwa bangili za maarusi. Huko Vizagapatam, kwenye pwani ya mashariki ya India, mafundi wa karne ya 18 walitengenezea maofisa wa Kiingereza makabati, meza na viti vya mtindo wa Ulaya vilivyofunikwa vibao vya pembe. Michoro ya maua na majumba ilichorwa juu ya vibao kwa ncha kali, kisha mistari ikajazwa lakiri nyeusi. Samani hizo leo ni miongoni mwa zinazotafutwa sana na wakusanyaji wa vitu vya kale.

Karne ya 19 ilibadili kiasi na hatima ya biashara hii. Marekani ilifungua ubalozi mdogo Zanzibar mwaka 1837, na pembe zikaanza kumiminika kwenye viwanda vya Ivoryton na Deep River huko Connecticut. Humo zilipasuliwa vibao vyembamba vya vitufe vya piano na kuanikwa juani ndani ya majengo ya vioo ili ziwe nyeupe zaidi. Pembe moja kubwa ilitosha makumi ya piano. Bara, misafara ya wafanyabiashara kama Tippu Tip ilizifuata mpaka Kongo. Zilifika pwani mabegani mwa wapagazi, baadhi yao watumwa, na vijiji vingi viliharibiwa njiani. Piano za kale zinazosifiwa kwa vitufe vyake laini haziwezi kutenganishwa na historia hiyo.

Kuitambua pembe halisi kunahitaji jicho zaidi ya vifaa. Sehemu iliyokatwa kwa upana huonyesha mistari membamba inayopishana kama wavu. Kwa ndovu wa leo, karibu na ukingo wa nje, mistari hiyo hukutana kwa nyuzi zaidi ya 115 hivi. Kwa jino la mamothi, chini ya 90. Mfupa una vidoadoa na vistari vyeusi, ambavyo ni mianya ya mishipa ya damu. Seluloidi, plastiki ya kwanza kuigiza pembe, ina mistari iliyolingana mno. Kuchoma kwa sindano ya moto ni jaribio baya: huacha alama isiyofutika.

Pembe hunywa unyevu na kuutoa, na mti pia, lakini si kwa kasi moja. Njumu hubanduka kwa sababu hiyo. Kitu cha namna hii kisikae juani, karibu na jiko wala mbele ya kiyoyozi. Kisioshwe kwa maji. Brashi laini iliyo kavu inatosha, na rangi ya asali inayokuja na umri si uchafu.

Upande wa sheria, mkataba wa CITES ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika kwa uamuzi wa mwaka 1989. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 2018, ikaanza kutumika 2022. Inaruhusu vitu vichache tu, kama vile vya kabla ya 1947 ambavyo pembe ni chini ya asilimia 10, na kazi za sanaa za kabla ya 1918 zenye thamani ya pekee. Nchini Kenya na Tanzania, kumiliki pembe bila kibali ni kosa. Sheria ya Kenya huhesabu kifaa kilichotengenezwa kabla ya 1895 kuwa cha kale, ya Tanzania kabla ya 1863, na kukitoa nchini bila ruhusa hakukubaliwi. Ukali huo ni wa haki, kwa kuwa pembe mpya hupakwa rangi na kuuzwa kama za kale, na ndovu ndiye hulipa.

Familia iliyorithi kiti cha enzi au kasha la njumu isiing'oe pembe kwa hofu, wala isimwite dalali. Iulize makumbusho yaliyo karibu, ipate vibali, na iandike jina la fundi na la mwenye kiti kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka.