Msitu Uliolindwa kwa Neno: Habari za Milima ya Zagori

Kaskazini-magharibi ya Ugiriki, si mbali na mpaka wa Albania, iko nchi ya milima iitwayo Zagori. Jina hili asili yake si Kiyunani, bali latoka katika lugha za Kislavi: "za" maana yake nyuma, na "gora" maana yake mlima. Basi Zagori ni "Nyuma ya Mlima", na mtu akifika huona ya kuwa waliolitoa jina hawakukosa. Vijiji vyake vyapata 46, navyo vimejengwa kwa mawe tupu: kuta za mawe, mapaa ya mawe, na njia zilizotandikwa mawe. Mwaka 1973 sehemu ya milima hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 2005 iliunganishwa na nyingine kuwa hifadhi moja kubwa zaidi. Mwaka 2023 nchi ya Zagori iliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwanza yafaa tuyajue mawe yenyewe, maana pasipo hayo hatutafahamu desturi za watu. Mlima mkuu ni Tymfi, na kilele chake kirefu, chenye mita 2,497, chaitwa Gamila, yaani Ngamia. Mlima huu karibu wote ni mawe ya chokaa. Tabia ya mawe hayo ni kuliwa na maji ya mvua kidogo kidogo, hata yakawa na nyufa, mashimo na mapango. Mvua ikinyesha haikai juu ya ardhi, hunywewa na mawe. Kwa hiyo juu ni pakavu, na chini kabisa maji hububujika. Hivyo ndivyo lilivyo Korongo la Vikos: kuta zake zasimama wima, na kina chake mahali pengine chapita mita 900. Wakati wa kiangazi mgeni hutembea saa nyingi katika mkondo mkavu wa mawe meupe. Kisha, chini ya kijiji cha Vikos, huziona chemchemi za mto Voidomatis, maji safi na ya baridi sana, yakitoka chini ya jabali.

Mgeni aghalabu huanzia mji wa Ioannina. Karibu na kijiji cha Kipoi ataona madaraja ya mawe ya zamani. Moja lina matao matatu, nalo huitwa Daraja la Mtawa, kwa kuwa mkuu wa nyumba ya watawa ndiye aliyetoa fedha za kulijenga kwa mawe mwaka 1814. Waashi wa madaraja hayo wengi walitoka vijiji vya upande wa Konitsa. Walisafiri makundi makundi, nao walikuwa na lugha yao ya siri, wapate kusemezana mbele ya tajiri wao asijue wanenalo. Kutoka Kapesovo mtu aweza kupanda ngazi ya mawe mpaka Vradeto, kijiji kilicho juu kuliko vyote, ambacho zamani hakikuwa na njia nyingine. Na kutoka Monodendri aweza kushuka korongoni na kutokea Vikos kwa mwendo wa saa tano au sita. Achukue maji ya kunywa, kwa sababu tumekwisha kusema ya kwamba mawe hayo hayabakizi maji.

Walakini liko jambo moja ambalo wageni wengi hulipita wasilione, nalo ndilo kubwa kuliko yote kwa msomaji apendaye desturi. Juu ya vijiji vingi, katika mteremko mkali, pana kipande cha msitu wa miti mikubwa ya kale. Vijiji hivyo vimekaa chini ya magenge. Mteremko ukiwa mtupu, mvua kubwa huteremsha udongo na mawe juu ya nyumba za watu. Miti ikiwapo, mizizi hushika udongo, na mashina huzuia mawe yaporomokayo. Wazee walilijua jambo hili. Lakini walikuwa na haja ya kuni kila siku, na mbuzi wao walikuwa wengi. Ni nani angelinda msitu ule usiku na mchana? Wakati huo nchi ilikuwa chini ya dola ya Waturuki, kwa maana Ioannina ilitwaliwa mwaka 1430, na Zagori haikutoka katika utawala huo mpaka mwaka 1913. Vijiji vilikuwa na uhuru wa kuyaangalia mambo yao wenyewe, ila askari wa misitu hawakuwapo.

Ndipo msitu ulipowekwa chini ya neno la Kanisa. Ulikabidhiwa kwa mtakatifu wa kijiji, na ilitangazwa ya kwamba atakayekata mti humo atatengwa na Kanisa. Kutengwa huko kwa Kiyunani ni "aforismos", na ndani ya neno hilo mna neno la kale lenye maana ya mpaka. Basi mpaka wa msitu haukuwa ukuta wala seng'enge. Ulikuwa neno lililosemwa mbele ya watu wote. Na kizazi kwa kizazi zilisimuliwa habari za mtu aliyekata tawi na mabaya yaliyompata yeye au mifugo yake.

Hapa pana neno litakalomfurahisha msomaji wa Kiswahili. Mali ya Kanisa katika nchi ile, kama mashamba na misitu, huitwa "vakoufi". Neno hili Wayunani walilipokea kwa Waturuki, nao Waturuki kwa Waarabu. Ni lile lile "wakf" lililotupa sisi neno wakfu. Hivyo mkulima Mkristo wa Zagori na Mwislamu wa Lamu, pasipo kujuana, hutumia neno moja kwa kitu ambacho mtu hawezi kukiuza wala kukitwaa kiwe chake.

Je, watu waliogopa laana tu? Sivyo. Waliuogopa pia mlima. Hofu ya laana ilikuwa kama ganda, na ndani yake mlikuwamo maarifa. Mtoto alijifunza ganda kwanza. Alipokua mtu mzima aliona mawe yamezuiliwa na mashina, akaijua kokwa.

Lakini siku hizi watu ni wachache. Wengi walikwenda ugenini kufanya biashara tangu zamani; mwaka 1943 vijiji kadha vilichomwa moto na majeshi ya Kijerumani; kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha mwaka 1949, na vijana wakahamia mijini. Mashamba ya ngazi yaliachwa, mbuzi walipungua, na miti michanga imeota kila mahali. Kwa hiyo msitu wa kale, ambao zamani ulionekana peke yake juu ya mteremko mtupu, sasa umefichwa na vichaka vipya. Miti ipo, bali mpaka wake umo katika kumbukumbu za wazee tu. Mzee akifa, mpaka nao hufutika.

Wasomaji wa pwani watakumbuka kaya za Wamijikenda, misitu iliyolindwa na wazee kwa miiko, nayo iliandikwa na UNESCO mwaka 2008. Dini si moja, wala asili si moja, lakini kazi iliyofanywa na neno yafanana. Kwa hiyo mwalimu au kasisi akutapo mwiko wa msitu, asifanye haraka kuucheka wala kuufuta. Kwanza aulize: mwiko huu wazuia nini kisituangukie? Akiliondoa ganda pasipo kuihifadhi kokwa, huenda mvua ya masika ikamfundisha kwa hasara ya watu wengine.

Na atakayezuru Zagori asitosheke na kutazama korongo. Akae kidogo uwanjani pa kijiji, chini ya mti mkubwa ulio karibu na kanisa, amsalimu mzee, amwulize msitu wa mtakatifu waanzia wapi na waishia wapi. Kisha aandike jibu.