Homoni na saratani ya matiti: Usisubiri uvimbe uume

Mama akigusa titi lake akakuta uvimbe usiouma, mara nyingi hunyamaza. Wengine hudhani wamerogwa, wengine husubiri mpaka uwe kidonda. Leo tuangalie jambo lililo ndani ya mwili wenyewe, nalo ni homoni.

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na mwili na kusafirishwa kwa damu. Ovari za mwanamke hutoa estrojeni na projesteroni. Hizi ndizo humwotesha binti matiti anapobaleghe na kuyaandaa kwa maziwa anapopata mimba, kwa kuziamrisha chembe hai za titi ziongezeke.

Mkulima wa Kipalapala anajua kuwa mbolea haichagui. Hustawisha mahindi na magugu pia. Kadhalika, chembe iliyoharibika yaweza kulishwa na estrojeni ile ile. Kwa hiyo hatari huongezeka kwa aliyevunja ungo mapema, aliyechelewa kukoma hedhi, au asiyezaa. Hedhi ikishakoma, mafuta ya mwili nayo hutengeneza estrojeni, hivyo unene huongeza hatari. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni huiongeza kidogo, nayo hupungua mama akiviacha.

Kunyonyesha hupunguza hatari. Uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, uliochapishwa mwaka 2002, ulionesha kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa takriban asilimia 4. Surat al-Baqara aya ya 233 imetaja miaka miwili kamili. Hata hivyo, aliyenyonyesha watoto wengi bado anaweza kuugua.

Homoni zimefungua pia mlango wa tiba. Mwaka 1896 Dk. George Beatson wa Glasgow alieleza jinsi uvimbe ulivyosinyaa baada ya mgonjwa kutolewa ovari. Siku hizi kipande cha uvimbe hupimwa maabara. Kikiwa na vipokezi vya homoni, mgonjwa huweza kupewa vidonge kama tamoksifeni, kwa kawaida miaka 5 au zaidi. Kisipokuwa navyo, zipo tiba nyingine.

Basi dada yangu, ukiona uvimbe titini au kwapani, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa damu, nenda Hospitali ya Kitete, Tabora mjini. Ikibidi utapewa rufaa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Nawe mume, toa nauli mapema na umsindikize mkeo. Uvimbe ukiwahiwa, hutibika kwa urahisi zaidi.