ELIA ALIKULA KWANZA: SALA NA AFYA NYUMBANI MWETU



Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo tunalolisikia sana kwenye jumuiya zetu ndogondogo. Mtu anaumwa, anaambiwa aende zahanati, anajibu, "Mimi nimemwachia Mungu." Mwingine anaruka dawa zake kila Dominika, ati Komunyo ipokelewe tumbo likiwa tupu kabisa. Wanafanya hivyo kwa moyo safi. Lakini jamani, Kanisa halijatuagiza hivyo, na mtu anaweza kupoteza maisha.

Tumkumbuke nabii Elia, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Elia alikuwa mkimbizi kama sisi. Malkia Yezebeli alitaka kumuua, akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti akiomba afe. Malaika alipokuja hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamletea tena mara ya pili. Ndipo Elia akapata nguvu za kutembea siku 40 hadi mlima Horebu, na huko akakutana na Mungu.

Basi tufanyeje? Tunashauri kitu chepesi: kila sala ya siku ishikane na tendo moja la afya. Sala tumeshaizoea, na tendo litafuata nyuma yake mpaka nalo liwe mazoea.

ASUBUHI
Baada ya Ishara ya Msalaba, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Baba Yetu ikisaliwa pole pole inatosha kabisa zile sekunde 20 za kunawa vizuri. Sabuni ikiisha, majivu yanasaidia. Wenye dawa za kila siku, kama za kifua kikuu, ARV au presha, wazinywe saa ileile kila siku kama walivyoelekezwa. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida ni miezi 6. Ukirukaruka siku, vijidudu vinazizoea, na kutibu kunakuwa kugumu zaidi.

ADHUHURI
Saa sita ni sala ya Malaika wa Bwana. Hapa Majanji Ziwa Victoria linatulisha: tunapata sangara, ngege na mukene, ambao Wakenya wanawaita omena na Watanzania dagaa. Lakini ziwa hilohilo lina kichocho. Konokono wadogo wa majini wanatoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo vinaingia mwilini kupitia ngozi hata kama mtu hakunywa maji. Vinatoka kwa wingi jua linapowaka, kuelekea adhuhuri, saa ambayo watoto wetu wanapenda kuogelea! Hakuna saa iliyo salama, lakini hiyo ni mbaya zaidi. Kwa hiyo saa sita mzazi awaite watoto nyumbani, wasali pamoja na wanywe maji safi kivulini.

Maji ya ziwa ya kuoga yachemshwe, au yakae siku mbili kwenye chombo safi kisicho na konokono. Na choo kitumike, maana mayai ya kichocho yanarudi ziwani kupitia kinyesi. Mtoto akiumwa tumbo mara kwa mara au akitoa damu chooni, apelekwe zahanati. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli.

JIONI
Maji ya kunywa yakiwa na tope, yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Halafu tia kidonge cha klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yake, na familia ianze Rozari. Vidonge vingi vinahitaji nusu saa. Mkimaliza Rozari na Litania ya Bikira Maria, maji yako tayari au yamekaribia. Kisha watoto waingie kwenye neti, na sala ya mwisho isaliwe humo ndani. Mbu wa malaria anauma zaidi usiku, na neti iliyokunjwa juu haimzuii.

DOMINIKA
Bibi zetu walifundishwa kufunga tangu usiku wa manane kabla ya Komunyo. Ilikuwa sheria kweli, lakini imebadilika. Mwaka 1953 Papa Pius wa 12 alisema maji hayavunji mfungo. Mwaka 1964 Papa Paulo wa 6 aliufanya kuwa saa moja tu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema wazi: katika saa hiyo maji na dawa vinaruhusiwa, na wazee, wagonjwa na wanaowauguza hawabanwi hata wakiwa wamekula. Kumbe mama anayemeza dawa zake asubuhi anaweza kupokea bila wasiwasi wowote!

Hata mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu unawahusu watu wazima wa miaka 18 hadi 59. Watoto, wagonjwa na mama wajawazito hawalazimiki.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kwamba mgonjwa amwombe Mungu na pia ampe tabibu nafasi yake, kwa sababu dawa nazo Mungu ndiye aliyeziumba. Mawili hayo yako sura moja, sisi tusiyatenganishe.

Tunaiomba kila jumuiya mwezi huu itembelee nyumba moja yenye mgonjwa. Salini naye. Kabla ya kuondoka mwulizeni mambo matatu: umekula? Umekunywa dawa? Nani atakusindikiza zahanati? Kama jibu la swali la tatu ni "hakuna", mmoja wenu abaki na apange naye siku ya kwenda.

Mungu awalinde. Tuonane toleo lijalo, sote tukiwa wazima.