Stara ya Binti Aendaye Kusoma Bara

Mabinti zetu wa Lamu, Malindi na Mombasa huenda hadi Uthiru, jirani na bewa la Kabete la Chuo Kikuu cha Nairobi, kusomea kilimo na udaktari wa mifugo. Tumewasikia wazazi wakisita kutoa ruhusa, wakihofu kwamba zizini binti atavua stara. Hofu hiyo twaiheshimu, ila hatuoni kwamba yatosha kumkatiza masomo. Aya ya 31 ya Suratun Nur imeamrisha kujisitiri, haikutaja mshono. Hata buibui si la tangu na tangu: bibi zetu wa Lamu walitembea ndani ya shiraa kabla buibui halijaenea.

Basi fundi aelezwe kazi yenyewe. Maabarani, mikono mipana ya poliesta ni hatari karibu na moto. Na ashone gauni la pamba lisilobana, mikono ifungwe kwa vifungo, ndani suruali pana, juu koti jeupe, na mtandio uchomekwe shingoni usining'inie. Zizini ni ovaroli pana na buti za mpira. Na ile glavu ya kumpimia ng'ombe hufika begani, hivyo mkono nao husitirika.

Uthiru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na baridi ya Julai haizuiliki kwa buibui jepesi. Sweta ivaliwe ndani. Vitambaa vizito asibebeshwe kutoka nyumbani, Eastleigh vimejaa.

Nguo zikishashonwa, binti azijaribu kwa kuinama na kuchutama, si kwa kusimama mbele ya kioo tu.