Mtani wako yuko wapi siku ya kilio?

Mpenzi msomaji, wiki hii naomba tuulizane swali moja, halafu kila mtu ajijibu mwenyewe kimoyomoyo. Wale washikaji wanaokucheka kila siku kijiweni, wanaokuita "mzee wa mikopo", "kichwa tanki" na majina mengine ambayo mama yako mzazi hayajui, ni wangapi kati yao watakaoonekana kwenu siku turubai likifungwa?

Usijibu haraka. Hesabu kwa vidole, taratibu.

Nauliza hivyo kwa sababu mjini hapa utani umekuwa mwingi kuliko mchanga wa Coco Beach. Nenda kwenye kahawa Kariakoo, kaa saluni ya kunyoa Sinza, piga stori na vijana wa bodaboda Mbagala, au fungua grupu la simu la watu mliomaliza nao shule. Kote huko ni vicheko. Mtu kapigwa chini na demu wake, wanacheka. Kafukuzwa kazi, wanacheka. Viatu vyake vya mtumba vimeachia soli katikati ya daladala, ndiyo kabisaa! Hiyo itasimuliwa mwezi mzima, na kila anayesimulia anaongeza chumvi yake.

Kusema kweli ni raha. Mtu ameshinda kwenye foleni, bosi kamfokea mbele za watu, mwenye nyumba anamsubiri mlangoni. Akipita kijiweni saa moja jioni, akachekwa kidogo na yeye akajibu mapigo, anarudi kuwa binadamu. Hakuna hospitali inayotoa dawa hiyo, tena bure.

Ila ukichunguza vizuri utaona kwamba sisi watoto wa mjini tumerithi nusu tu ya utani. Nusu ya kucheka tumeishika vizuri sana. Ile nusu nyingine, ambayo ndiyo wazee waliuanzishia utani, wengi wetu tumeiacha stendi ya Ubungo siku tulipoteremka kwenye basi.

UTANI ULIKUWA NA DENI

Utani haukuanzishwa na masela wa Manzese. Mwaka 1944 Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, alichapisha makala kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika katika jarida la Africa. Cha kuchekesha ni kwamba mapenzi yake hasa yalikuwa kwa ndege! Alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, na hadi leo anajulikana zaidi kwa wataalamu wa ndege. Lakini aliishi na watu, akasikia namna wanavyotukanana huku wanakumbatiana, akashangaa, akaandika.

Makabila yaliupataje utani huo? Njia zilikuwa nyingi, lakini mbili zinatajwa zaidi.

Ya kwanza ni safari. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka bara hadi Bagamoyo, safari ya miezi. Njiani walipita katika nchi za watu, wakafika hadi kwa Wazaramo. Sasa fikiria, uko mbali na kwenu, homa imekushika, wenzako wa msafara hawawezi kukusubiri. Ukifa, nani atakuzika? Ndipo utani ulipofanya kazi. Mtani alikuwa na haki ya kuingia kwa mtani wake, akala, akalala. Akifia pale hatupwi porini, watani wanamzika kama mtu wao. Hadi leo Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana wanaanza kuchokozana kabla hata ya kusalimiana.

Ya pili ni vita. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, wakapanda hadi huku kwetu. Kati ya mwaka 1878 na 1882 walipigana na Wahehe vita vikali kweli. Wajukuu wa watu hao leo ni watani. Badala ya kurushiana mikuki wanarushiana maneno, na mwenye kukasirika ndiye aliyeshindwa.

Utaona, basi, kwamba utani ulikuwa mkataba. Ninakupa ruhusa ya kunicheka, na wewe unanipa dhamana kwamba nikianguka utakuwepo.

KILIONI NDIPO KAZI ILIPO

Mkataba huo ulionekana wazi kabisa msibani. Kama hujawahi kuona watani wakiwa kazini kwenye msiba wa kijijini, umekosa jambo.

Wafiwa wamekaa kwenye mkeka, macho yamevimba. Ghafla anaingia mtu kavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anadai kahawa kama marehemu alivyokuwa anadai. Mwingine anajilaza ndani ya kaburi, anagoma kutoka mpaka apewe hela. Mwingine ameficha sufuria za wapishi. Mpare akifika kwenye msiba wa mtani wake Mchaga, usishangae akashauri sarafu idondoshwe kwanza chini karibu na jeneza: marehemu asipoinuka kuiokota, basi kweli amekufa! Mchaga naye atangoja zamu yake. Siku ya msiba wa Upareni atawauliza wafiwa kama jeneza lile limelipiwa au bado wanaendesha kesi ya kupunguziwa bei.

Mjane ambaye hajatia kitu mdomoni tangu jana anajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Akishacheka, anakunywa uji. Hapo ndipo wazee wanapotikisa kichwa, wanajua leo atalala.

Lakini mtani huyohuyo aliyejilaza kaburini, mara nyingi ndiye aliyelichimba. Aliyeficha sufuria ndiye aliyepasua kuni. Wengine huosha maiti, wengine hubeba jeneza. Jasho lake limemtoka mbele za watu, ndiyo maana hakuna mfiwa anayeweza kumwambia "unanidharau".

HATA MJINI WATU WALIZIKANA

Usiseme hayo ni mambo ya shamba. Mjini nako watu walijua. Enzi za ukoloni vijana wa Pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga na Dar es Salaam, walikuwa na vikundi vya ngoma ya beni, na mahasimu wakubwa walikuwa Marini na Arinoti. Walishindana kwa mavazi, kwa gwaride na kwa nyimbo za kurushiana vijembe. Lakini mwanachama akiugua walimsaidia, na akifa walimzika. Kijana aliyetoka bara hana shangazi wala mjomba mjini, kikundi chake ndicho kilikuwa ukoo wake. Vyama vyetu vya kufa na kuzikana vinafanya kazi hiyohiyo.

Halafu kuna Simba na Yanga, watani wa jadi. Yanga ilizaliwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu hapo hakuna aliyepumzika. Mtu wa Simba atakukumbusha 6-0 za mwaka 1977, wa Yanga atakujibu kwa 5-1 za mwaka 2023, na chai inapoa mezani. Tarehe 6 Mei 2012 Simba waliwafunga Yanga 5-0, na mmoja wa wafungaji alikuwa Patrick Mafisango. Siku 11 baadaye, tarehe 17 Mei, Mafisango alikufa kwa ajali ya gari Dar es Salaam. Siku kama hiyo hakuna mwenye akili timamu anayeuliza marehemu alivaa jezi gani.

Na tuwape haki yao vijana wa bodaboda. Watu wanawasema sana, kwamba wana fujo, hawaheshimu taa. Lakini mwenzao akipata ajali, kofia inapitishwa palepale kituoni. Akifa, wanausindikiza mwili kwa msafara wa pikipiki, na mapato ya siku hiyo wanayaacha. Kesho yake wanarudi kituoni kuchekana kama kawaida. Hao hawajasahau ile nusu ya pili.

KICHEKO KINAWEZA KUDANGANYA

Wataalamu nao wanakubali kwamba kucheka pamoja kuna faida ya kweli. Mwaka 2011 Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walichapisha utafiti wao: waliwaonyesha watu vichekesho, kisha wakapima uwezo wao wa kuvumilia maumivu. Waliocheka sawasawa walivumilia zaidi. Maelezo yao ni kwamba kicheko cha tumboni huufanya mwili utoe kemikali yake wenyewe ya kupunguza maumivu, na kwamba mtu hucheka zaidi akiwa na wenzake. Kwa hiyo bibi yako aliyesema "cheka mwanangu, utapona" hakuwa anabahatisha.

Lakini hapa kwetu tuna funzo jingine. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha huko Kagera, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikasambaa mpaka wasichana 95 kati ya 159 wakakumbwa, na mwezi Machi shule ikafungwa. Wengi duniani wanaisimulia habari hiyo kama kichekesho. Madaktari walioichunguza hawakuona furaha yoyote pale. Wasichana walikuwa wanacheka na kulia, wanahangaika, hawatulii. Hawakukuta sumu wala vijidudu, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ilikuwa shinikizo la mawazo.

Sasa rudi kijiweni kwako. Yule mshikaji anayecheka kwa sauti kuliko wote, una uhakika yuko poa? Mara nyingi mchekeshaji wa kijiwe ndiye asiyeulizwa hali. Kila mtu anamngoja aanze vituko. Akinyamaza siku tatu watu wanasema "kauchuna huyo", basi, imeisha. Kumbe mtu kaachwa, kaugua, au anadaiwa mpaka anaogopa simu yake mwenyewe.

MASHARTI YA KUWA MTANI

Wazee hawakuacha utani uende holela. Kwanza, ulikuwa wa pande mbili. Ukimcheka mtu ambaye hawezi kukujibu, kwa sababu wewe ni bosi wake au mnamshambulia kumi kwa mmoja, huo ni uonevu. Pili, si kila mtu ni mtani. Babu anamwita mjukuu wake mchumba na wote wanacheka, lakini jaribu maneno hayo kwa mama mkwe uone utakavyolipishwa faini. Hivyo mgeni wa kijiwe umwache kwanza azoee. Tatu, ulijua pa kugusa. Mtu anachekwa ubahili, mwendo, timu yake, vyakula vya kwao. Ugumba, mtoto aliyefariki, ugonjwa anaouficha, hayo mtani mwenye adabu anayaruka kama anavyoruka mtaro.

La nne ndilo kubwa: uwepo. Ukimcheka mtu Jumatatu, Alhamisi akiwa kitandani uende. Huna hela? Nenda na mikono yako, ukafunge turubai, ukachote maji, ukakae naye. Ujumbe wa "pole sana mwamba" wenye picha ya mishumaa ni mzuri, lakini haupasui kuni.

Na kuna siku utani unawekwa kando kabisa. Rafiki yako akianza kusema amechoka kuishi, au kwamba watu wangepumzika asingekuwepo, hiyo si siku ya kumjibu "acha uoga, wewe si mwanamume?" Mvute pembeni. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali kunampa nafasi ya kulitoa kifuani. Usimwache peke yake, mwite mtu wa kwao anayemwamini, mfikishe hospitali. Akishapona mtamcheka kwa namna alivyokula chipsi zenu zote siku ile mliyokesha naye.

Kwa hiyo, msomaji wangu, sisemi mpunguze utani. Mjini bila utani tungekuwa tumeshapigana siku nyingi. Ninachoomba ni kwamba wiki hii uangalie orodha ya washikaji zako, umtafute mmoja ambaye hajasikika siku mbili tatu, umpigie. Anza na jina lake la utani kama kawaida, asije akadhani umekuja kudai. Halafu umuulize, kwa kituo, "Mzee, lakini uko sawa?" Na ukishauliza, nyamaza umsikilize.

Tukutane wiki ijayo, kwenye ukurasa huuhuu.