Je, Wajua? Kemondo Ina Reli, Lakini Mabehewa Yalikuja kwa Meli

Ukitoka Buhembe, mjini Bukoba, ukashika barabara ya Muleba, huvuki reli hata moja. Mkoa mzima wa Kagera hauna njia ya treni. Hata hivyo, huko Kemondo, kama kilomita 20 kusini mwa mji huo, bandari ilijengewa gati la kupokelea meli ya mabehewa, na reli zake ziko nchi kavu. Hazielekei Biharamulo wala Mutukula. Zinaanzia ziwani na kuishia palepale bandarini. Stesheni inayofuata ni Mwanza Kusini, na katikati ni maji matupu. Musoma nako mambo ni hayohayo: mabehewa yaliingia mjini kwa meli, na reli ya nchi kavu haijafika huko hadi leo.

Je, wajua kuwa behewa halipandi melini hivihivi tu? Kati ya gati na meli kuna daraja la chuma ambalo upande mmoja umefungwa nchi kavu na upande wa pili hupanda na kushuka. Reli za daraja zikipishana kidogo na reli za sitaha, magurudumu yataanguka. Halafu kuna suala la uzito. Ukisukuma mabehewa yaliyojaa upande wa kushoto tu, meli inalala. Basi hupakiwa kwa zamu, machache huku, machache kule, kisha yanafungwa kwa minyororo yasije yakatembea ziwa likichafuka. Kwenye meli za namna hii duniani, kichwa cha treni kwa kawaida hakikanyagi daraja, kwa kuwa ni kizito mno. Huwekwa mabehewa matupu kati yake na mzigo, yakatumika kama mkono mrefu wa kusukumia. Msimamizi wa upakiaji alihitaji hesabu kuliko nguvu.

Daraja hilo kupanda na kushuka si pambo. Kati ya 1961 na 1964 mvua zilijaza Ziwa Victoria hadi maji yakapanda zaidi ya mita mbili, na hayakurudi upesi yalikotoka. Mwaka 2020 yalifikia tena kimo kile cha 1964 na kukipita kidogo. Gati la kawaida likizidiwa na maji, makuli wataweka ubao na kazi itaendelea. Behewa halijui ubao.

Meli zenyewe ni Umoja na Uhuru, zilizoundwa Scotland na kampuni ya Yarrow na kuanza kazi katikati ya miaka ya 1960. Umoja hubeba mabehewa 19. Wakati huo reli, bandari na meli za ziwani zote zilikuwa mali ya shirika moja la Afrika Mashariki, kwa hiyo behewa lililopakiwa Kampala lingeweza kushuka Mwanza bila mtu kufungua mlango wake. Faida yake anaielewa aliyewahi kuona kahawa ya Bukoba ikisafirishwa kwa njia ya zamani. Gunia lilipanda meli kwa mgongo wa mtu, likashuka Mwanza kwa mgongo wa mtu, likaingizwa kwenye behewa kwa mgongo uleule, kisha likatolewa tena pwani. Kila mgongo una malipo yake, na kila gunia linalodondoka lina punje zinazobaki chini. Ndizi, kwa upande wake, hazikuhitaji ufundi wote huo. Zilipangwa juu ya meli za abiria na kwenda Mwanza pamoja na wenyewe.

Je, wajua kuwa kabla ya Mwanza kupata reli, lango la Bukoba lilikuwa Kisumu? Reli ya Uganda kutoka Mombasa ilifika huko Desemba 1901. Mwanza ilisubiri hadi 1928, tawi la kutoka Tabora lilipokamilika. Kwa zaidi ya robo karne, basi, kahawa na ngozi za Bukoba zilivuka ziwa kwenda kaskazini mashariki. Hata Wajerumani walipokuwa wakitawala hapa, mazao yao yalipanda treni ya Waingereza. Walijenga Reli ya Kati kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma Februari 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Reli yao haikuligusa Ziwa Victoria.

Na meli nazo zilikuwa za reli. Meli ya Clement Hill na wenzake wa mwanzoni mwa miaka ya 1900 walikuwa chini ya Reli ya Uganda, na walikuja ziwani kwa treni wakiwa vipande vipande, wakaunganishwa Kisumu. MV Victoria, ambayo watu wa Bukoba wanaijua kama jirani, ilipita njia hiyohiyo na kushushwa majini mwaka 1960. Mtu wa leo anaweza kushangaa kusikia kuwa hata MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza baada ya kupitia Kemondo, ilikuwa ya Shirika la Reli Tanzania. Meli zilitenganishwa na reli mwaka uliofuata, ilipoundwa Kampuni ya Huduma za Meli.

Shirika la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, Umoja ilibaki Tanzania na Uhuru ikaenda Kenya. Aliyeyatunga majina hayo hakujua yatakavyosomeka baadaye. Uganda haikupata ya mabehewa, ikajinunulia tatu miaka ya 1980: Kabalega, Pamba na Kaawa. Tarehe 8 Mei 2005 Kabalega iligongana na Kaawa ikazama. Ziwa lote lile, na zikakutana mbili za nchi moja.

Sasa tutoke Kagera kidogo, kwa kuwa pwani nako kulikuwa na reli za ajabu, nyingine zimefutika, na moja yake inastahili kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa. Zanzibar ilikuwa na reli kabla ya Dar es Salaam. Mwaka 1879 Sultani Barghash alitandika reli nyembamba kutoka Mji Mkongwe hadi kasri lake la Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, baadaye kikaletwa kichwa cha mvuke kutoka Uingereza. Barghash alifariki 1888 na reli ikafa naye. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ikajenga nyingine, ya kama kilomita 11, kutoka Ngome Kongwe ikipenya mtaa mwembamba wa maduka hadi Bububu. Vitabu vya watalii husimulia abiria wake. Mimi navutiwa na miaka yake ya mwisho: abiria waliachwa mwaka 1922, barabara ilipowavuta, lakini treni iliendelea kusomba mawe ya ujenzi wa bandari kwa miaka kadhaa. Anayepita leo gatini Malindi haoni reli, lakini sehemu ya kazi yake huenda anaikanyaga.

Mombasa walikuwa na ya ajabu zaidi. Vijigari vidogo vya kusukumwa kwa mikono vilitembea juu ya reli za mjini, na nyumba za wakubwa zilikuwa na vijia vyake vya reli vya pembeni hadi mlangoni. Reli zenyewe zilikuwa mabaki ya mradi ulioachwa wa kwenda bara.

Dar es Salaam iligeuza mambo. Oktoba 2012 ilipoanza treni ya abiria ya mjini, ambayo wananchi waliiita ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, haikujengewa njia mpya. Ilipewa reli zilizokuwepo, pamoja na tawi la Ubungo lililozoea mizigo ya viwandani.

Turudi ziwani, kuna jambo linalotusubiri. Umoja ilirudi kazini Juni 2018, ikabeba mabehewa ya mizigo kutoka Mwanza hadi Port Bell, Uganda. Reli zilizo juu ya sitaha yake zina upana wa milimita 1,000, sawa na za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda. SGR, yaani reli mpya ya kisasa ambayo kipande chake cha Isaka hadi Mwanza kinajengwa, ina upana wa milimita 1,435. Behewa lake haliwezi kupanda Umoja wala kushuka Kemondo. Mzigo utakaofika Mwanza kwa SGR ukiwa wa Bukoba itabidi uhamishwe: kwa kreni ikiwa ni kontena, na kwa mgongo ikiwa ni gunia.