Mtungi Unaposema: Achilles na Ajax Mchezoni

Wanafunzi wengi wa fasihi simulizi huzichukulia picha kuwa vielelezo tu vya hadithi zilizokwisha kusimuliwa au kuandikwa. Makala haya mafupi yanapinga mtazamo huo kwa kutumia mtungi mmoja wa Wagiriki wa kale. Ulitengenezwa Athens kati ya mwaka 540 na 530 K.K., ukafukuliwa Vulci nchini Italia, na sasa umehifadhiwa katika makumbusho ya Vatican. Kimo chake ni sentimita 61 hivi.

Msanii ni Exekias. Alichora watu kwa rangi nyeusi juu ya udongo mwekundu, kisha akakwaruza kwa ncha kali vitu vidogo vidogo, hata marembo ya majoho yao.

Wanaoonekana ni Achilles na Ajax, mashujaa wa vita vya Troy, wameinamia mchezo wa ubao (si bao letu la mashimo). Mikuki wangali wameishika. Achilles amevaa chapeo. Ajax ameivua yake. Mbele ya vinywa vyao pameandikwa hesabu: Achilles anatamka "tesara", yaani nne, na Ajax "tria", yaani tatu. Basi Ajax ameshindwa. Mtazamaji wa Athens hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alijua kwamba Achilles angeuawa vitani, na kwamba Ajax, akiisha kunyimwa silaha za marehemu, angejiua kwa upanga wake.

Tukio hili halimo katika utenzi wa Iliad, wala hayajasalia maandishi ya kale zaidi yanayolisimulia. Hata hivyo wachoraji waliofuata walilirudia katika vyombo zaidi ya 100. Wapo wataalamu wanaokisia kwamba palikuwa na utenzi uliopotea. Kwa maoni yangu dhana hiyo si ya lazima: mchoraji naye ni mtambaji.

Kwa walimu wa sarufi, mdomo wa mtungi una sahihi yenye maana hii: Exekias alinichora na kunitengeneza. Mtungi ndio unaosema! Kigiriki kimeweka neno "me" mara moja tu, mwishoni, likatumikia vitenzi viwili. Kiswahili hakiruhusu hivyo. Kiambishi -ni- hakina budi kuingia ndani ya kila kitenzi.